Bodi Mbili na Ubao wa Nyanya

Ilianza Alhamisi, saa nane mchana, mwaka nilipokuwa Kidato cha Tatu. Mjomba Mghanga alifuta mikono kwenye suruali, akachungulia nje kuhakikisha kwamba mashine ya kusaga unga ya jirani imezimwa, kisha akabonyeza kitufe cha kuanza. Mashine yake ya kuchonga, ile ya CNC aliyoiunda mwenyewe na inayoongozwa na kompyuta, ikashuka polepole juu ya ubao uliobanwa mezani. Ncha ikagusa mbao, vumbi la kwanza likaruka. Ubao wenyewe ulikuwa kichwa cha kitanda cha Nyanya, mvule mtupu, kipande kimoja kisicho na kiungo. Ulikuwa uandikwe jina lake na kupigiliwa kwenye msalaba wa kaburi lake kule mlimani, Jumamosi hiyo, siku ambayo ukoo mzima ungekusanyika kuweka msalaba. Hapakuwa na ubao mwingine. Kitanda kina kichwa kimoja. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, kando ya kompyuta, na kazi yangu ilikuwa kutazama skrini na kuita nikiona jambo. Mwadime, mtoto wa Mjomba, alipoisikia hiyo kazi alimuuliza babake kama kweli amenipa mimi, Wakesho, kazi ya kupaza sauti. Afadhali mbuzi, alisema, mbuzi hulia.

Mjomba tumemzika mwaka huu. Jioni moja ya matanga, watu wakiwa wamechoka kulia na chai imezunguka mara ya pili, Mwadime aliisimulia hadithi hii. Katika hadithi yake kompyuta ilitoa moshi, mimi nikakimbia hadi barabara ya Taveta nikipiga mayowe, na yeye ndiye aliyeokoa ubao. Watu walicheka sana. Mimi pia nilicheka, kwa sababu nyumba ile ilihitaji kicheko kuliko ilivyohitaji ukweli, na kwa sababu Mwadime alikuwa akicheka huku machozi yakimtoka. Nina miaka kumi na tisa sasa na bado watu wakijaa chumbani maneno hunikauka. Lakini kuandika naweza. Na moshi haukuwapo. Kilichokuwapo kilikuwa kidogo kuliko moshi, na ndiyo maana kilitutisha.

Mwaka ule nilikaa kwao Mraru kwa sababu ya shule. Nililala katika chumba kilichopakana na karakana, na karakana hiyo zamani ilikuwa jikoni. Ukuta wake mmoja ulikuwa bado mweusi kwa moshi wa miaka, na paa lilikuwa mabati matupu bila dari. Kufika saa saba mchana ungeweka chupa ya maji humo ukanywa maji ya kuoga. Vumbi la mvule liliingia puani likawasha kama pilipili, likaingia kwenye unga, kwenye vitabu vyangu vya Kemia, kwenye kimanga alichopika Anti, mke wa Mjomba. Tulikula kimanga kile karibu kila jioni, maharagwe na muhogo vilivyopondwa pamoja, na Mwadime alisema siku akifa akipasuliwa watakuta ndani mbao. Usiku nilisikia kila kitu. Ukuta wetu haukufika juu, uliishia mahali fulani chini ya bati, na maneno yalipita hapo kama paka.

Ndivyo nilivyojua kuhusu Mjomba Mkubwa, kaka mkubwa wa Mjomba Mghanga, aliyekuwa akiishi Mombasa. Yeye alitaka jiwe. Jiwe jeusi lililong'arishwa, lenye maandishi ya dhahabu, kama ya watu wengine. Alipiga simu karibu kila siku, na Mjomba aliiweka kwenye spika kwa sababu sikio lake la kulia lilikuwa zito. "Kitanda cha mama kilikuwa cha kulaliwa," nilimsikia akisema, "si cha kuchezewa na kompyuta." Mjomba alimjibu taratibu kwamba mama yao alizaa watoto wake wote akiushika ubao ule, na kwamba mwenyewe, siku za mwisho, alikuwa akiupapasa kama anayetafuta swichi ya taa. Simu ikakatwa. Baadaye nikamsikia Anti akiuliza kwa sauti ya chini, na ikiharibika? Mjomba akasema haitaharibika. Anti akasema hakuuliza hivyo, ameuliza ikiharibika. Kisha Mjomba akasema, "Basi nitakuwa nimemtoa mama kitandani mara ya pili."

Shida ilikuwa kwamba kompyuta iliyoongoza mashine ilikuwa imeuawa na radi wakati wa mvua za vuli. Kilichokufa hasa ni motherboard, au bodi, ule ubao wa ndani ambao vitu vingine vyote vya kompyuta huchomekwa humo. Mimi sikujua kitu juu ya hayo kabla ya mwaka ule. Mjomba alinifundisha tukipepeta maharagwe. Mashine, alisema, ina mota tatu, na kila mota husogea hatua moja ndogo ikipata pigo moja la umeme kutoka kwa kompyuta. Pigo likichelewa, mota hujikwaa, hatua hupotea, na mashine yenyewe haijui. Inaendelea kuchonga ikiamini iko mahali ambapo haipo. Kwa hiyo bodi ya kazi hii haihitaji mbio. Ni kama mpiga ngoma wa kwaya: hatakiwi kupiga haraka kuliko wote, anatakiwa asisimame kujikuna pua.

Tulikwenda sote watatu mjini Voi kwa Omari, fundi wa kompyuta, mtu wa Mombasa mwenye duka jembamba nyuma ya soko, ambamo kompyuta zilizofunguliwa zilining'inia ukutani kama nyama buchani. Alitutolea bodi mbili. Moja nyeusi, karibu mpya, yenye taa za rangi pembeni, ambayo Mwadime aliishika na hakuiachilia tena. Nyingine ya kijani, kongwe, yenye feni ndogo na vumbi la ofisi fulani, ila nyuma ilikuwa na ile soketi pana ya printa za zamani, ambayo ndiyo hasa iliyotumiwa na mashine ya Mjomba. Ile nyeusi haikuwa na soketi hiyo. Ingebidi iongezewe kadi. Mwadime alikuwa mwaka wa pili pale politekniki na alieleza kwa kirefu kwa nini nyeusi ni bora. Omari alimsikiliza akitabasamu. "Nyeusi ina mbio, kijana wangu, sikatai," alisema. "Lakini sijui joto lenu la huko lataka nini. Zichukueni zote mbili, mkazijaribu, isiyowafaa mnirudishie." Nakumbuka lile neno la joto. Nakumbuka pia kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyeliokota.

Kuna programu ya kujaribu jambo hili. Inakaa ikipima kompyuta imechelewa kiasi gani kutoa pigo, na inaweka kwenye skrini kule kuchelewa kubaya kuliko kote, kwa namba. Namba ndogo ni nzuri. Kazi ya kuzisoma nilipewa mimi kwa kuwa niliweza kukaa bila kusema. Tulijaribu bodi zote mbili alfajiri, siku mbili mfululizo, kompyuta ikitumia betri ya akiba. Alfajiri kwa sababu huku kwetu kila kazi ya maana hufanywa kabla jua halijapanda: kulima, kufua, kupiga pasi, hata kugombana. Namba za nyeusi zilikuwa ndogo, namba za kijani zilikuwa ndogo pia lakini si kama hizo. Mwadime akapiga makofi. Mjomba akaichagua nyeusi. Kuchonga kwenyewe hata hivyo hakungeweza kufanywa asubuhi, kwa sababu asubuhi Mama Chao, jirani yetu, alisaga unga, na mashine yake ikinguruma stima ya mtaa mzima ilidhoofika, taa zikawa kama macho ya mgonjwa. Kazi ndefu zilisubiri mchana, akishafunga. Tulilijua hilo kama tunavyojua majina yetu. Ndiyo maana hatukulifikiria.

Basi Alhamisi hiyo, saa nane. Herufi ya kwanza ilitoka safi, ya pili safi. Mashine ilikuwa iandike MKAMBURI juu, kisha chini yake PUMZIKA MAMA. Mjomba alisimama amekunja mikono, jasho likimtiririka, hadi simu ilipoita. Alikuwa Mjomba Mkubwa. Akatoka nje ili kelele za mashine zisisikike, kwa sababu kaka yake hakujua kwamba kazi imeanza. Tukabaki mimi na Mwadime. Bati lilikuwa likilia juu yetu kwa joto. Nilikuwa nimefika mahali pa kusikiliza kuliko kutazama, na nikasikia feni ya ile bodi nyeusi ikipanda sauti, kama mtu anayevuta pumzi, na papo hapo mota ikakohoa. Kikohozi kidogo tu. Skrini ikatoa ujumbe mwekundu kwamba kompyuta imechelewa.

Nilinyoosha kidole. Mwadime akainama, akasoma, akasema hiyo ni kawaida, hutokea mara moja, achana nayo cuzo. Kweli ulitokea mara moja. Lakini Mjomba alikuwa ameniambia kwamba programu ya kuchongea ikishaonya haionyi tena, hata kompyuta ichelewe mara ngapi, inakuachia wewe. Feni ikashuka. Mashine ikamaliza R, ikahamia kwenye I ya mwisho. Nikaisubiri feni. Sijui kama nimewahi kusubiri kitu hivyo tena, hata matokeo ya mtihani. Ikapanda, mota ikakohoa, na safari hii nikaona ncha ikiruka upande, unywele tu, na kuanza kula mbao mahali ambapo haikupaswa. Nilitaka kusema simamisha. Mdomo ulifunguka na hakikutoka kitu. Mkono ndio uliokwenda, ukapiga kile kitufe chekundu cha dharura, na karakana nzima ikanyamaza.

"Umefanya nini?" Mwadime aliuliza. Hakupaza sauti, na hilo lilinitisha zaidi. "Wakesho. Umefanya nini?"

"Feni," nikasema.

Mjomba aliingia simu ikiwa bado mkononi, na kutoka ndani yake sauti ya kaka yake ikiuliza kwa nini hajibiwi. Aliiweka mezani kwenye vumbi, ikiendelea kusema. Kabla ya kuanza kazi yoyote alikuwa na desturi ya kutoboa vitundu viwili vyembamba pembeni mwa ubao, ili stima ikikatika katikati apate pa kurudia. Sasa akaiamuru mashine irudi kwenye kitundu cha kwanza. Ilirudi, ikashuka kwa uhakika wote, na ncha yake ikatua kando ya kitundu, umbali wa unene wa kijiti cha kiberiti. Ingeendelea vile, mstari wote wa chini ungeandikwa mahali pasipo pake, na kila kikohozi kingeusogeza zaidi. Mjomba alilowesha kidole gumba kwa mate, akaigusa ile I iliyovimba mguu. Kisha akaokota simu akamwambia kaka yake kwamba atampigia, kuna mgeni.

Gari la kupanda mlimani lilikuwa liondoke Ijumaa, saa nne asubuhi. Mwadime, nitasema haki, hakuficha kosa wala hakumtupia mtu. Alisema kama shida ni joto, basi turudie kwa bodi hiyo hiyo alfajiri, kukiwa na baridi, kwa sababu hiyo angalau tumeiona ikichonga. Ile ya kijani haijawahi kuchonga hata kijiti, tunaiaminije na ubao wa Nyanya? Lilikuwa swali zuri. Mjomba alilizungusha kichwani, nikaona analielekea. Mimi nilikuwa na jibu lakini lilikuwa refu, na maneno marefu hunishinda. Nikatoka, nikaenda jikoni, nikabeba jiko la makaa lililokuwa linawaka chini ya sufuria ya Anti. Alinifuata akiuliza kama sasa nataka kuzipikia hizo bodi chakula cha jioni. Nililiweka chini ya meza ya kompyuta.

Mwadime ndiye aliyeelewa kwanza. Aliwasha ile programu ya kupimia bila kuambiwa. Bodi nyeusi ilikaa vizuri kwa muda, kisha joto likaifikia, feni ikavuta pumzi, na namba ikaruka hivi kwamba Anti, asiyejua inahesabu nini, alisema ehe. Ilipokuwa ikijishughulisha na joto lake yenyewe, ilisahau kutupigia ngoma. Tukaizima, tukafunga ile ya kijani mahali pake, na hilo lilichukua muda kwa sababu skrubu moja ilimponyoka Mwadime ikaanguka ndani ya jivu. Kisha tukaipikia nayo. Feni yake ndogo ilikuwa na sauti moja tu, mbaya, kama ya nyuki kwenye kopo, na haikupanda wala kushuka. Namba ilisimama. Tuliongeza makaa. Jasho lilidondoka kwenye kibodi. Namba ilisimama.

"Ya kijani haijui kama kuna joto," nikasema. Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote nilizosema siku hiyo.

"Basi tutumie isiyojua," Mjomba akasema.

Kabla mwanga haujaisha aliupeleka ubao mlangoni, akachukua patasi, akaipunguza ile I upande uliovimba pale palipowezekana, na paliposhindikana akaunenepesha upande wa pili ulingane. Nilimshikia ubao. Alichonga kwa kusita, akipuliza, akiuinamisha huku na huko, na mara moja aliacha kabisa akakaa tu. Alipomaliza hakuniuliza kama inaonekana. Tulitaka kuendelea jioni ile ile, lakini giza lilipoingia stima ikakatika Mraru nzima. Tulikula kimanga kwa taa ya chemni. Hakuna aliyefanya mzaha kuhusu mbao ndani yake.

Stima ilirudi kukipambazuka. Anti alikuwa ameshatoka kwenda kulishika gari lisije likatuacha. Mjomba aliupanga ubao mezani, akaisimamisha ncha juu ya vile vitundu viwili, ikaingia sawasawa, cha kwanza na cha pili. Kisha tukasikia ng'ambo ya ua wanawake wakishusha madebe. Ilikuwa Ijumaa, siku ya foleni kubwa kuliko zote, na Mama Chao huwasha jua likigusa tu paa lake. Mjomba alitoka hadi kwenye ua akasimama. Yeye na Mama Chao hawakuwa wakisemezana tangu Mjomba alipopeleka malalamiko kuhusu stima, na nilimwona akifungua mdomo na kuufunga, nikamjua kwa mara ya kwanza kuwa ni ndugu yangu wa damu. Mwadime hakuweza kuiacha skrini. Nikapita chini ya waya wa ua.

Walikuwa wengi, na wote walinitazama. Nilimwamkia Mama Chao, shikamoo, naye akasema marahaba, kumbe mtoto wa Mghanga ana sauti. Wanawake wakacheka. Nikasema, nikiyatazama madebe, kwamba naomba asiwashe kwanza. Mmoja akauliza kwa nini, kwani kwa Mghanga leo wanasaga nini.

"Wanaandika jina la Nyanya," nikasema. "Ubao ni mmoja. Ni wa kitanda chake. Stima ikipungua utaharibika, na gari linaondoka saa nne."

"Na watoto wetu watakunywa uji wa jina?" yule mwanamke akasema, na wengine wakamuunga mkono, kwamba jua linapanda, kwamba wengine wametoka mbali. Mama Chao aliniuliza kama Mghanga ndiye aliyenituma. Nikasema hapana, nimekuja mwenyewe. Kisha akauvua mkanda kwenye gurudumu la mashine yake, akaukunja, akaukalia. Akasema mkanda uko hapa mpaka wamalize, lakini mimi nisiondoke, na wakikawia unga wa hawa watu wote nitausaga kwa meno.

Nikaketi juu ya gunia. Ng'ambo ya ua mashine ikaanza. Nilikuwa nimeisikia kila siku mwaka ule na sikuwahi kuisikia hivyo, bila kuiona, nikiwa sina kitufe karibu. Wanawake waliendelea kunung'unika, kisha kidogo kidogo wakaacha, mmoja baada ya mwingine, wakawa wanasikiliza pamoja nami bila kujua wanasikilizia nini. Nilikuwa nikitafuta kikohozi. Sauti ilipanda kidogo kwenye kona za herufi, ikalainika kwenye mistari, na nyuma yake ile feni mbaya ya nyuki haikubadilika. Jua lilifika kwenye paa la Mama Chao, likashuka ukutani, likatufikia magotini. Kisha ikanyamaza yenyewe.

Mjomba alikuja na ubao ameukumbatia, umefunikwa kwa leso ya Anti, vumbi limemjaa nyusi. Aliufunua juu ya magunia, akamtazama Mama Chao, na Mama Chao akainuka kutoka kwenye mkanda wake akaja kuona. MKAMBURI. PUMZIKA MAMA. Mwanamke yule wa uji wa jina alisema hakusoma, asomewe. Nilimsomea. Akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza akaifuata mchirizi kwa mchirizi, polepole, nami sikupumua hadi alipofika kwenye ile I. Kidole kiliteremka, kikapanda, kikapita kikaenda kwenye mstari wa chini.

Mama Chao akaurudisha mkanda kwenye gurudumu, akaniambia, "Haya." Nikalishika debe la kwanza kwenye foleni, nikaliinua, nikamimina mahindi.